Kikombe Kilichojaa Pomoni

Mtaani walimwita Mama Maua kwa sababu ya vidani vyake: ua dogo lililokaushwa, limezamishwa ndani ya epoksi, gundi ya majimaji, ikaganda ngumu kama kioo. Kazi hiyo aliianza peke yake, na ndiye aliyemfundisha wifi yake, mdogo wa mumewe, alipohamia kwao. Kilichowasumbua wote wawili ni mapovu. Hata ukoroge kwa upole namna gani, hewa ilibaki ndani, na kidani kikaonekana kama kimetoka vipele.

Mumewe, fundi friji, alimsikia akilalamika miaka nenda rudi. “Tutaona,” ndilo lilikuwa jibu lake. Wifi alilalamika mara moja tu, wakati wa kula, na Jumamosi hiyohiyo kaka mtu akawa uani na kompresa ya friji bovu. Ndugu hao wawili wakatoboa kipande kizito cha plastiki angavu, wakakilaza juu ya sufuria nene yenye mpira ukingoni, wakaunga bomba hadi kwenye kompresa. Kikombe cha epoksi kikawekwa ndani, kompresa ikanguruma, ikafyonza hewa sufuriani. Mapovu yakapanda, yakapasuka, epoksi ikabaki safi kama maji.

“Kaka, wewe ni moto!” wifi akarukaruka.

“Damu yangu hii,” mume akajibu, anacheka.

Mama Maua alikuwa anaanika nguo. Akawaza: Damu yako. Na mimi je, maji ya bomba?

Tangu hapo vidani vya wifi vikawa vinagombewa. “Njoo tutumie wote, wifi,” msichana alimwambia Mama Maua.

“Mapovu yangu nimeyazoea.”

Siku moja ndugu hao walipotoka, Mama Maua alikoroga epoksi yake, akajaza kikombe pomoni, akakiweka sufuriani, akafunika, akawasha. Mapovu yakaumuka kama maziwa yaliyosahaulika jikoni, yakamwagika, yakafyonzwa bombani. Kabla hajazima, kompresa ilikohoa, ikanyamaza.

“Nani kagusa hii?” mume aliuliza aliporudi.

“Mimi.”

“Si ungesubiri nikuoneshe?”

“Nimesubiri! Nimekulilia mapovu tangu huyu hajui epoksi ni kitu gani. Yeye Jumamosi moja tu. Mimi ‘tutaona’!”

Mume akainama juu ya kompresa. Wifi alikuwa anakwangua bomba kwa kucha.

“Ulijaza mpaka juu, wifi? Inatakiwa robo tu. Hata sisi tulimwaga mara ya kwanza, tukaosha harakaharaka usijue.”

Aliyasema kwa wema, ila Mama Maua yalimchoma. Kumbe hata siri walikuwa nayo.

Asubuhi mume alisimama mlangoni. “Twende kwa wauza vyuma chakavu. Safari hii kompresa unachagua wewe.”

Wifi akaanza kuvaa viatu.

“Sisi wawili,” mume akasema.

Wifi akavivua taratibu, uso umemshuka. Mama Maua aliuona uso ule na, Mungu amsamehe, ulimfurahisha kuliko kompresa yoyote.