Polenta ya Ijumaa Jioni

Tangu binti yangu Mourine arudi kutoka Italia, chakula kilimshinda. Nilimletea samaki wa Homa Bay, akamdonoadonoa tu. Nikampikia mboga za managu kwa maziwa, akasukuma sahani. Shingo ilikuwa imebaki mifupa, na mimi mama yake nikaanza kuogopa kwamba nitamzika.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo aliposema anataka kupika polenta, nilifurahi, ingawa nilikuwa nimetoka soko la Migori mgongo umekufa. Polenta yenyewe ni unga wa mahindi, maji na chumvi, uji mzito ambao Mourine alikuwa akimpikia bibi kizee mmoja wa Kiitaliano huko alikoajiriwa kumtunza. Kumbe lazima ukorogwe karibu saa nzima! Saa nzima, jamani, na ni unga uleule wetu!

Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, moto uwe umezimwa na sufuria zimeoshwa, ndivyo nilivyolelewa.

"Harakisha, wewe."

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Usinihubirie. Hiyo nilikufundisha mimi."

Akatabasamu kidogo. Mkono ulipomchoka alinipa mwiko, akatoka kuanua nguo.

Nikatazama sufuria: majimaji matupu. Nikatazama nje: jua limeshafika kwenye miti ya jirani yetu Machuki. Ah! Nikamimina unga, nikasonga kwa nguvu zote zilizobaki, na baada ya muda mfupi ugali ukasimama. Nikajisifu kabisa.

Mourine aliporudi akachungulia sufuria. Nguo zikamponyoka mikononi. Akakaa sakafuni, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu arudi.

"Mama, jioni ile ya mwisho bibi aliniomba hii. Nikamwambia nimechoka, nitampikia kesho. Asubuhi nikamkuta amekufa."

Nilidhani uchovu naujua mimi, mchuuzi wa vitunguu, lakini wa mwanangu sikuwa nimeuona. Nikakaa naye chini, nikamshika. Giza likaingia, na kwa kina Machuki wakaanza kuimba wimbo wa kuipokea Sabato.

Nikainuka. Nikapakua ugali wangu kwenye sinia, nikaosha sufuria, nikatia maji, nikachochea kuni.

"Mama, jua limezama."

"Nimeona. Lete unga."