Bonyeza Kiungo Hiki

Mama Vifungo alikuwa amekaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ameunyoosha juu ya ndoo iliyofunikwa, anasugua goti la kulia kwa dawa ya kuchua. Jina hilo alipewa kwa sababu mumewe akishona nguo, yeye ndiye anayetia vifungo. Goti lenyewe lilikuwa na tabia ya kualika kila alipopanda ngazi, ko, ko, ko, mpaka ghorofa ya nne, na wifi yake hakuchoka kusema kwamba goti hilo linaalika wageni bila kumshauri mwenye nyumba. Wifi ndiye aliyekuwa ameshika simu. Ilikuwa simu ya Mama Vifungo, kioo kimepasukapasuka, na wifi aliishika kwa ncha za vidole kama samaki wa jana.

Walikuwa wanatafuta dawa ya matone ya Fundi. Fundi ni mume wa Mama Vifungo na kaka wa huyo wifi, na macho yake yana presha. Daktari alimwambia bila mapambo: matone kila siku, ukiacha utaingia giza, na giza hilo halina kurudi. Kwa miaka mingi dawa ilipatikana kwa mfamasia wa chini, kwenye jengo hilohilo. Kisha Duka la Mtandaoni likaununua mzigo wote, pamoja na ule uliokuwa bado njiani, na mfamasia akabaki anauza pamba na kugawa pole.

Haya, wakasema, tutanunua hukohuko. Lakini Duka lilikuwa limeamua kwamba vitu vya maana ni vya wanachama peke yao. Asiye mwanachama, mahali pa dawa aliona picha ya pazia, na chini yake maneno: Unachokitaka kipo nyuma ya hapa. Alichoruhusiwa kununua ni vibanio vya nguo, navyo vingefika mvua zikiisha, kwa nauli iliyozidi bei ya vibanio. Uanachama ulilipiwa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa kadi ya benki. Fundi hakuwa na kadi ya benki. Alikuwa na kopo la sarafu.

"Hapa wanasema mwezi wa kwanza bure," wifi akasema, macho ameyabana. "Bonyeza kiungo hiki ujiunge."

"Kipi?"

"Si hiki hapa."

Mama Vifungo hakuwa mtu wa mitandao. Kwake yeye kiungo kilikuwa ama kile kinachotiwa mchuzini, ama kile kinachomuuma asubuhi. Na kwa kuwa mkononi alikuwa na goti, akalibonyeza goti. Simu, ambayo wifi hakuwa ameigusa hata kidogo, ikalia. Hongera, ikaandika. Kiungo chako kimepokelewa. Karibu katika familia.

Wifi alisoma, akarudia, kisha akasema kumbe goti lina mtandao kuliko simu. Pazia likafunguka. Wakaagiza dawa, na kabla dawa ya kuchua haijakauka mguuni mlango ukagongwa. Mletaji alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa fulana ya Duka, anahema kwa sababu ya ngazi. Nauli ilikuwa bure. Maji ya kunywa hayakuwa sehemu ya uanachama, lakini Mama Vifungo alimpa.

Haukupita muda Fundi akawa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Aliziona nguo alizokuwa ameshona miezi ya karibuni, akaanza kuzifumua. Halafu akamwona mkewe, vizuri kabisa, amesimama karibu na dirisha.

"Kumbe umezeeka," akasema.

"Ulidhani unaishi na nani?" Mama Vifungo akajibu. Lakini alifurahi, na wifi aliona amefurahi, maana siku ile alipitapita dirishani mpaka jioni bila shughuli yoyote.

Mwezi ulipokwisha, goti likagoma. Halikuuma, na hilo lilikuwa jambo jipya. Lilikataa tu kukunjika, mguu ukawa mguu wa meza. Mama Vifungo akapiga simu, akapokewa na binti wa huduma kwa wateja, mwenye sauti ya mtu aliyekunywa maji ya moto na asali. Binti akaeleza kwamba muda wa bure umekwisha na kiungo sasa ni mali ya Duka, kama mama alivyokubali. Mama Vifungo akasema hakumbuki kukubali. Binti akasema hakuna anayekumbuka. Basi goti lake liko wapi, akauliza.

"Liko kazini, mama," binti akasema. "Kuna jingine ungependa nikusaidie?"

Mama Vifungo akalitazama goti la kushoto. Chupa ya Fundi ilikuwa inaelekea kwisha. Akalibonyeza.

Safari hiyo mletaji hakuhema. Kabla hajafika, Mama Vifungo alisikia ngazini ko, ko, ko, na mlio huo aliujua kama mtu anavyokijua kikohozi cha mumewe. Akafungua mlango, akautazama mguu wa mletaji, akamwambia hilo goti ni lake. Mletaji hakubisha. Alieleza kwamba ya kwake aliyatoa alipokuwa anaomba kazi, kwa kuwa kazi ilitaka buti za Duka, na buti za Duka zinauzwa kwa wanachama tu. Tangu hapo Duka linamwazima ya wateja. Hili si baya, akasema, tatizo lake ni kwamba linasimama lenyewe kwenye kila kona ya ngazi.

"Hapo huwa napumzika," Mama Vifungo akasema.

Wakapeana pole, mletaji akashuka na goti.

Likafuata goti la kushoto, ikafuata nyonga, kikafuata kiwiko. Wifi alicheka sana mwanzoni. Alisema kaka yake ameoa mwanamke mzima na sasa amebaki na ubao wa kupigia pasi. Kisha akaliona kochi. Lilikuwa kochi la rangi ya maziwa, lipo nyuma ya pazia, na wifi ni mtu ambaye pazia likishushwa mbele yake hapati usingizi. Akabonyeza nyonga zote mbili. Kochi likaletwa siku ileile, na mwezi uliofuata nyonga zikaenda. Mpaka leo wifi hulisimamia kochi lake kwa nyuma, mikono ameiweka juu ya mgongo wa kochi, nailoni haijatolewa, na haruhusu mtu kulikalia kwa kuwa mwenyewe hajalikalia.

Jengo lote likazoea. Mfamasia alitoa viwiko kwa ajili ya pasi ya umeme, akawa anasalimia watu kwa mkono mzima kama anayesimamisha gari. Kwenye korido watu walipishana ubavu kwa ubavu kama makabati yanayohamishwa. Mgeni akija aliegemezwa ukutani, akapewa chai, na mazungumzo yakaendelea. Walilalamika kidogo, lakini hawakulalamika sana, maana mizigo ilikuwa inawahi.

Fundi naye alitoa magoti, kisha kiuno. Cherehani akaipandisha juu ya kabati fupi, akawa anashona amesimama, anazungusha gurudumu kwa mkono. Mikono aliibakiza kwa ajili ya kazi, ingawa matone hakuweza kujitia mwenyewe, maana kila alipojaribu tone lilimwangukia shavuni. Shingo alitaka kuitoa mapema, mkewe akamkatalia katakata. Ukikaza shingo, alimuuliza, matone nitakudondoshea wapi, sikioni?

Yeye Mama Vifungo alibakiza bega la kulia na vidole viwili vya mkono huo, gumba na cha shahada, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa wala hakiminyi chupa. Vifungo hakuweza tena kutia, na nguo za Fundi zikawa zinatoka wazi mbele. Wateja walidhani ni mtindo. Kila asubuhi mume na mke walisimama wakitazamana, kati yao umbali wa mkono ulionyooka. Fundi aliinua uso, Mama Vifungo akaushusha mkono mzima kutoka begani, taratibu, na tone likaingia. Halafu Fundi alishusha uso, akamtazama. Hakuna kati yao aliyewahi kusema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri ya siku, lakini ndiyo iliyokuwa nzuri.

Siku ya mambo haya, chupa ya zamani ilikuwa imekauka tangu jana yake. Mletaji alifika, akamwekea Mama Vifungo chupa mpya katikati ya vidole viwili, akaaga. Mama Vifungo akageuka nayo mwili mzima, kama mlango, ili ampe Fundi, na chupa ikamponyoka. Ikadunda, ikabiringika, ikaingia mvunguni mwa kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema, na ni wazi kwamba wahenga walikuwa na viuno.

Fundi, kutoka alipokuwa karibu na mlango, aliiona.

"Iko nyuma ya mguu wa kitanda," akasema. "Hata maandishi nayasoma."

"Yanasemaje?"

"Tikisa kabla ya kutumia."

"Basi imeshatikisika," Mama Vifungo akasema. Lakini aliogopa. Siku moja bila matone ilikuwa imepita, na asubuhi ile Fundi alikuwa amelikosa tundu la sindano, akajifanya anatafuta uzi mwingine.

Akapaza sauti kwenye ngazi. Chini, ko, ko ikasimama. Kwa bahati goti lilikuwa limefika kwenye kona yake. Mletaji akarudi juu, akaelezwa, akatazama mvunguni kwa mbali, akakuna kichwa. Akasema kuleta ni bure ila kuinama hakumo. Ipo Huduma ya Kuinama, ni ya wanachama wa daraja la juu, na akionekana anainama ovyo Duka litamnyang'anya hata haya ya kuazima.

"Goti hilo ni langu," Mama Vifungo akasema.

"Najua, mama. Lakini kazi ni yangu."

Lilikuwa jibu la haki, na Mama Vifungo hakumlaumu. Aliacha kuzungumza na mletaji, akazungumza na goti. Aliliambia alivyokuwa akiliambia kila jioni kwa miaka yote, akirudi sokoni, mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Haya, mwenzangu. Kunja."

Goti likaalika, likakunja. Mletaji akashuka nalo, hakuwa na hiari, mpaka akawa amepiga goti moja sakafuni mbele ya mama wa watu. Kwa kuwa alikuwa ameshafika chini, akanyoosha mkono, akaitoa chupa, akaifuta vumbi kwa fulana ya Duka. Simu ikalia hata kabla hajasimama.

Akaisoma yeye, kwa sababu ilikuwa kwenye meza fupi na wengine hawakuweza kuifikia bila kuinama. Umetumia Huduma ya Kuinama bila kustahili. Bonyeza kiungo kimoja sasa hivi, la sivyo uanachama wa nyumba hii unafutwa. Faini haina mwezi wa bure. Mletaji akaomba radhi, akasema haruhusiwi kuondoka kabla haijalipwa.

Mama Vifungo akavitazama vidole vyake viwili. Kimoja kikienda, chupa haiminyiki. Uanachama ukienda, hakuna chupa ya kuminya. Alipiga hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara ilimrudisha palepale.

"Tutie dawa kwanza," Fundi akasema.

Mletaji akafungua kizibo, akamshikisha Mama Vifungo chupa. Fundi akasogea mpaka umbali wa mkono, akainua uso juu. Tone likaingia jicho la kulia, likaingia la kushoto. Na kabla mkewe hajaurudisha mkono, Fundi akapeleka kiganja chake kisogoni na kuibonyeza shingo.

Simu ikalia. Hongera.

"Fundi," Mama Vifungo akasema.

"Hapa ndipo yanapoingia vizuri," Fundi akasema, uso umeelekea darini. "Hutanikosa tena."

Mama Vifungo alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na machozi yalishuka yenyewe mpaka kidevuni kwa sababu vidole vya kuyafutia vilikuwa vimeshika chupa. Alimwambia mumewe kwamba ni mjinga, kwamba nguo hazishonwi darini, na kwamba aliolewa na mwanamume ili amtazame. Fundi alisikiliza yote, hakuwa na pa kugeukia. Mletaji akaaga kwa sauti ya chini, akaufunga mlango polepole.

Walipotulia, Mama Vifungo akamuuliza anaona nini.

"Naona utando wa buibui kwenye kona," Fundi akasema. "Na buibui mwenyewe. Amezeeka."

"Nilifagia huko juzi."

"Hukufagia."

Alikuwa anaona vizuri sana. Mkewe alisimama mbele yake kwa umbali wa mkono, mahali pake pa kila siku. Ngazini goti likasikika likishuka, ko, ko, likasimama kidogo kwenye kona, kisha likaendelea, kwa sababu chini kulikuwa na mizigo ya wanachama wengine.