Mzazi wa Chini ya Barafu

Shangazi Bolethe ana huruma ya kupita kiasi, na siku ile huruma yake nusura initoe roho.

Alinikuta kibarazani kwenye baridi, nimeinamia kichupa cha maji ya bahari. Ndani yake alikuwamo kidudu mmoja mwenye gamba, mdogo kuliko punje ya mchanga. Nilimvua kwenye tundu la barafu, na barafu yenyewe ilikuwa imepasuka asubuhi hiyo na kwenda zake. Huyu akifa, mwingine simpati mpaka mwakani. Nami nilitaka jambo moja tu: kumwona akizaa kwa macho yangu, maana huko chini wanakozaliana hakuna anayeweza kuchungulia.

"Tukummeq, mbona unamkodolea macho kama mchumba?" shangazi aliuliza.

"Huyu ana mimba, shangazi. Gamba limeshaanza kuwa jeupe. Leo hii anazaa."

"Maskini! Na mkunga ndiye wewe, hata nyama ya sili huwezi kuchemsha!"

Nikacheka, nikaingia ndani kuchukua taa ya hadubini. Niliporudi alikuwa ameshika kikombe kitupu, uso umejaa wema.

"Nimempa maji."

"Maji gani?"

"Ya kunywa. Katoka chumvini huyo, si ana kiu jamani?"

Kijijini kwetu Qaanaaq, huku kaskazini kwenye barafu, wazee wakimtoa sili baharini humtia maji matamu mdomoni, hata kama ameshakufa, ili asiondoke na kiu. Shangazi hajawahi kuacha hata mmoja. Lakini huyu wangu, maji matamu yakimfikia tu, anavimba na kupasuka.

"Umeniulia, shangazi!"

"Nimeua kwa maji?"

"Usiguse meza! Uliyamimina vipi?"

"Taratibu, kwa adabu. Kwani namwagia mbwa?"

Hapo nikapata tumaini kidogo. Maji matamu ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi. Kama hayajachanganyika, chini alikokaa yeye bado ni chumvi. Nikaushusha mrija mwembamba wa kioo, juu nimeuziba kwa kidole. Nje kipande cha barafu kikaanguka kwa kishindo, maji ya kichupa yakacheza. Nikasubiri yatulie. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nikaachia kidole, tone la chini kabisa likaingia mrijani pamoja na kidudu, nikalihamishia kwenye kisahani chenye maji ya bahari, nikachungulia kwa hadubini. Gamba lilikuwa zima. Nikaendelea kumtazama mpaka shingo ikakakamaa, na mara mlangoni mwa gamba kikatoka kitu kama ukungu. Ukungu ule ulikuwa watoto, mamia kwa mamia, kila mmoja na kigamba chake.

"Anazaa!" nilipiga kelele.

Shangazi akanisukuma kando, akaweka jicho.

"Yarabi, wote hao! Hongera, mama!" Akatafuta tena. "Mwenyewe yuko wapi? Mbona naona nyumba tupu?"

"Hayupo. Amejigawa mwili wote, shangazi. Hao watoto ndio yeye."

"Hakujibakizia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akainua kichwa, macho yamelowa. "Na wewe ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Halafu unashangilia."

Furaha yangu ilikuwepo bado, ila nilishindwa kumtazama usoni.