Sahihi ya Jumamosi

Mwaka wa 1973 Persis Nyanchera alikuwa wakili mwanamke pekee mjini Kisii, na kila wiki karani wa ardhi alimwuliza ametumwa na wakili gani.

"Faili haijaonekana," alimwambia kwa mara ya sita. "Jaribu wiki ijayo."

Faili hiyo ilihusu shamba la chai kule Ikonge. Mteja wake, Eucabeth, alikuwa mjane. Mumewe, Ogari, alipofariki, shemeji yake Ishmael alitoa hati iliyosema kwamba marehemu alimpa shamba lote akiwa hai. Persis alikuwa na nakala tu. Aliisoma hadi ikachakaa asione kosa. Sahihi ilifanana kabisa na ya Ogari.

"Mama, siku ya tarehe ya hati, kumi na nne Agosti, 1971, mzee alikuwa wapi?" alimwuliza Eucabeth.

"Tarehe sizikumbuki, mwanangu. Ilikuwa siku gani ya juma?"

Persis alijilaumu kwa kutowaza hilo. Alitafuta kalenda ya zamani: Jumamosi. Ogari na Ishmael wote walikuwa wazee wa kanisa, Wasabato. Kesho yake alikwenda Ikonge, na daftari la kanisa likaonyesha kwamba siku hiyo Ogari alihubiri na Ishmael akaongoza maombi.

Mahakamani hakimu alilisukuma daftari kando. "Hii si karatasi ya serikali, Bi. Nyanchera."

Persis alimeza hasira, akaomba kumhoji Ishmael.

"Hati inasema siku hiyo mlikuwa Kisii mkitia sahihi. Mlivunja Sabato?"

Ishmael aliwatazama waumini wenzake waliojaa nyuma.

"Tulikuwa kanisani," alisema.

"Basi sahihi ya ndugu yako aliiandika nani?"

"Mimi. Alikuwa ameshazikwa. Nilirudisha tarehe nyuma."

Hakimu aliifuta hati. Hata hivyo, kubadilisha jina kwenye rejista kulichukua miaka miwili ya barua zisizojibiwa. Persis alipompelekea Eucabeth hati yake mpya, alikuta Ishmael ameng'oa nusu ya chai na kupanda mikaratusi.

"Tutapanda tena," Eucabeth alisema.

Chai ingehitaji miaka mitatu kabla ya kuchumwa, na mgongo wa mama huyu ulikuwa umeinama tayari. Persis alimpa hati, akaketi naye kwenye kibaraza, akiiangalia ile miti kwa hasira.