Kilima Hakikupiga Kura

Mume wa fundi cherehani alishinda udiwani kwa kishindo, na tangu siku hiyo nyumbani hapakukalika. Wageni waliingia na viatu, wakatoka na vikombe. Na ili kupamba jukwaa la sherehe, wapambe wake waling'oa majani yote yaliyoshikilia udongo wa kilima nyuma ya nyumba, majani ambayo fundi aliyapanda kwa mikono yake mwenyewe. Alipolalamika, aliambiwa asilete mkosi.

Kisha mvua ikaja, nayo haikujua mheshimiwa ni nani. Ufa ukatokea kilimani, juu ya chumba cha mama mkwe. Asubuhi ulipitisha kidole. Mchana ulimeza mguu. Fundi akamsihi mumewe wamhamishie mama kwa jirani, ng'ambo ya barabara.

Zamani mume yule angeshika jembe. Siku hizi kila jambo, hata chumvi ya mboga, lilipigiwa kura. Akawakusanya ndugu sebuleni, akauliza nani anaona kilima kitaporomoka. Ukanyooka mkono mmoja, wa fundi. Nani anaona hakitaporomoka? Ikanyooka yote iliyobaki, na mama mkwe akainua wake juu kuliko wote, mwanawe asije akaaibika mbele ya wageni.

"Umeshindwa kwa kishindo, mke wangu," akasema mheshimiwa, na watu wakapiga makofi.

Fundi alichoka, alichoka mpaka kwenye kope. Unabishanaje na watu wanaodhani udongo una kadi ya kupigia kura? Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mama wa watu hakuwa na kosa zaidi ya kumpenda mwanawe. Akamfuata chumbani, akachuchumaa, akamwambia apande mgongoni. Mama akagoma, akamkumbusha matokeo. Fundi akambeba hivyo hivyo, huku akipigwa ngumi za mabegani, wakavuka barabara.

Hawajaketi, kilima kikashuka. Chumba cha mama kikafukiwa, kitanda na paa. Sebule ikasalimika.

Majirani wakajaa. Mheshimiwa akapangusa tope kwenye koti, akapanda juu ya tofali, akawatuliza: wao kama familia walikaa, wakashauriana, wakaamua kwa kauli moja kumhamisha mama. Makofi yakaanza.

"Mwanangu," mama akasema kutoka ng'ambo, "mgongo ulionibeba haukuwa wako. Na mimi niliupiga ngumi njia nzima."