Hakuna wa Kuhesabu

"Kunja," alisema mjomba.

Kijana akakunja ngumi.

"Fungua."

Akafungua. Bandeji ilikaa sawasawa, haikubana wala haikulegea. Mjomba akaizungushia plasta, kisha akaigonga kwa vidole kama mtu anayejaribu tikiti sokoni.

"Leo sitaki kuisikia samahani yako."

Jina lenyewe ndilo hilo, Samahani. Walimpa wenzake klabuni, maana kila akimtwanga mtu mazoezini hurudi nyuma na kumwomba radhi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini miaka yote ya ngumi za ridhaa tabia hiyo haikumponza. Kule mnavaa kofia za kujikinga, na mtu akilewa ngumi, hata kama bado amesimama, mwamuzi huwatenganisha na kumhesabia. Wewe unakwenda zako kona ya mbali, unapumua. Ustaarabu mtupu.

Leo ndiyo ngumi za kulipwa. Kofia hakuna, glovu ni nyembamba, na mtu akilewa bila kuanguka, hakuna wa kumhesabia.

"Promota amekuja kukutazama wewe," mjomba akasema. "Ukimpa mtu nafasi ya kupumua, kesho unarudi kubeba simenti na mimi sikujui. Maji ushayavulia nguo, mwanangu."

Ukumbi ule ulikuwa na chumba kimoja tu cha kubadilishia nguo, kwa hiyo mpinzani wake alikuwa pale pale, kwenye benchi la pili, akisikia kila neno. Alikuwa mchomeleaji, wote wakimwita Fundi Mageti, mtu wa kuweza kuwa kaka yake mkubwa.

"Dogo," akasema, "pua usiihangaikie. Imeshavunjwa na wenye haki yao."

Wakacheka wote, hata mjomba.

Raundi mbili za kwanza Fundi alimfundisha adabu. Alimkaba, akamsukuma kwa bega, akamdokoa mbavuni. Katika ya tatu, mkono wa kulia wa Samahani ukatua tayani. Fundi hakuanguka. Mikono yake ilishuka tu, akabaki amesimama katikati ya ulingo kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Na Samahani, mazoea yana taabu, akarudi nyuma. Akageuka kumtazama mwamuzi.

"Piganeni!" mwamuzi akafoka.

Ukumbi ukazomea. Sauti ya mjomba ikapenya juu ya zote. "Maliza! We mtoto, maliza!"

Samahani alijua kwamba yule mtu hayupo. Alilijua hilo vizuri kabisa, akamwendea hivyo hivyo. Akapiga, akapiga tena, akaendelea kupiga mpaka mwamuzi alipomkumbatia kwa nyuma. Katikati ya ngumi zile kitu fulani ndani yake kikazimika, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme.

Wakamwinua mkono. Promota akamwambia, "Sasa wewe ni bondia." Mjomba alilia hadharani, mzee mzima, bila haya. Samahani akaingoja furaha, haikuja. Akaitafuta hata aibu, nayo hakuipata.

"Mama yako atafurahi."

"Ndiyo."

"Una nini?"

"Sina kitu, mjomba."

Na kweli hakuwa na kitu.

Waliporudi chumbani, Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi lake, peke yake. Daktari alikuwa amemmulika macho, akamwambia apumzike, kisha akarudi ulingoni kuangalia pambano lililofuata.

"Dogo," Fundi akasema, "wameshaita?"

"Wamemwita nani?"

"Sisi. Si zamu yetu?" Akatabasamu, meno yake mekundu. "Nimekaa hapa mpaka misuli imepoa."

Samahani akamgeukia mjomba wake. "Mwite daktari. Kimbia!"

Mjomba, mtu asiyekosa neno hata msibani, akatoka mbio.

"Bado kidogo, kaka," Samahani akasema. "Kaa."

"Nikae tena? Nishikie viganja basi, nipate joto."

Samahani akapiga magoti mbele ya benchi, akainua viganja vyake vyenye bandeji. Fundi akarusha ngumi akiwa ameketi. Moja, mbili. Moja, mbili. Zilikuwa laini, nyingine zikipita pembeni na kugusa hewa tu. Samahani aliziona zikifika viganjani. Kuzisikia, hakuzisikia.

Ukumbini kengele ikalia, ya watu wengine. Fundi akasita, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Ndiyo sisi?"

"Siyo sisi. Wewe piga tu, kaka."

Akasogeza viganja karibu zaidi, asije akakosa.