Kebo ya Nne

Jumamosi hiyo Bi Ottilie Raible aliamka na mambo mawili kichwani: amalize kutoboa kuta kabla ya saa saba mchana, na asimkabe koo jirani yake Bwana Stotz. La kwanza lilionekana rahisi zaidi.

Nyumba yao ya mtaa wa Heslach, hapa Stuttgart, Ujerumani, ina orofa nne na wenyewe wanne. Kila mtu ana orofa yake, lakini ngazi ni ya wote, na kitu cha wote hukigusi hata kwa msumari mpaka mikono yote minne iinuke. Mwezi wa tatu, mwaka huo wa elfu mbili, Bi Raible alikuwa amevutiwa laini mpya ya intaneti, ile ya kasi, akaona si haki kuila peke yake. Akapendekeza aweke kitovu, kile kisanduku cha matundu manane cha kuunganishia kompyuta, ndani ya kabati la ngazini. Kutoka pale kebo zingepanda na kushuka hadi kwa kila jirani.

Bi Klett wa orofa ya kwanza, mfasiri wa vitabu vya maelekezo ya mashine, alipiga makofi. Bwana Vosseler, mwalimu wa muziki anayekaa juu kabisa, alikubali nusu nusu.

"Wazo zuri sana, Bi Raible. Ila kwa nini tusiite kampuni? Mambo haya yana wataalamu wake."

"Kampuni ya nini? Mimi nimeunganisha watu miaka thelathini na moja!"

Alisema kweli. Ujana wake wote aliumalizia mbele ya ubao wa simu wa kiwanda cha saa, akichomeka na kuchomoa, mpaka ilipokuja mashine ikachukua kiti chake. Walimpa shada la maua na saa ya ukutani, wakamwambia apumzike. Alipumzika wiki mbili, akachoka. Tangu siku hiyo mikono yake ilikuwa ikitafuta kazi mle nyumbani kama paka anayetafuta mlango. Majira ya baridi yaliyopita alijiandikisha kwenye masomo ya jioni ya mitandao, akiwa mwanamke pekee na mwenye mvi pekee darasani, akatoka na cheti. Kwa hiyo intaneti kwake ilikuwa kisingizio tu. Alichokuwa akikitaka ni kazi, na aifanye yeye, ikubali.

Akabaki Bwana Stotz wa chini, mchinjaji mstaafu, mtu wa sharubu na kanuni. Yeye hakuwa na kompyuta wala hakuitaka.

"Toboa kwa majaribio, mkono nitainua nikiona kwa macho yangu inafanya kazi," alisema. "Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa kumi jioni kamili. Isipofanya kazi, kebo zinashuka, matundu unaziba wewe, na rangi unapaka wewe, Bi Raible. Kisha hao wengine waite kampuni yao wakipenda."

"Na ikifanya kazi?"

"Tutaona."

Na kwa bahati mbaya, wiki hiyo hiyo kibao cha zamu ya kufagia kilikuwa kinaning'inia kwenye kitasa cha Bi Raible. Kwetu huku zamu ya kufagia ngazi si mchezo. Wiki yako ni yako, unafagia na kupiga deki hadi kidato cha mwisho, na jirani haruhusiwi kukugusia ufagio hata ukivunjika mguu. Kumfagilia mwenzio ni kumwambia mchana kweupe kwamba ni mchafu. Watu wameacha kusalimiana kwa chini ya hapo.

Saa mbili asubuhi keekee ikaanza kulia. Saa saba hadi saa tisa ni mapumziko ya mchana, na mwenye kutoboa ukuta wakati huo ataandikiwa barua na mtaa mzima, kwa hiyo Bi Raible alitoboa kama anayefukuzwa. Alipandisha kebo kwa Vosseler, akashusha nyingine kwa Klett, akavuta ya tatu kutoka kwake mwenyewe. Kitovu alikikaza kwa skrubu nne ndani ya kabati, akachukua kipimamaji kuhakikisha hakikwenda upande, ingawa kitovu hakijali kwenda upande.

Halafu kulikuwa na kebo ya nne. Hiyo haikuagizwa na mtu. Siku moja alipompelekea Bwana Stotz kifurushi kilichoachwa kwake kimakosa, alihesabu vigae vya sakafu huku akijitia kusikiliza habari za maumivu ya goti. Mita kumi na moja. Aliikata, akaibana vichwa pande zote mbili, akachomeka upande mmoja kwenye tundu la nne. Iliyobaki akaiviringisha na kuiacha ikining'inia kabatini. Mtu hana kompyuta, kebo ya nini? Ubao wenye tundu lisilo na mtu ulimkera tangu ujana, ndiyo basi.

Saa saba kasoro dakika tano keekee ikanyamaza. Ngazi nzima ilikuwa imejaa vumbi la chokaa, nyeupe kama kaunta ya mwoka mikate.

"Nitalifagia baadaye kidogo," alijiambia, akachomeka kitovu kwenye umeme.

Taa zikawaka kijani, moja, mbili, na ya kitovu chenyewe. Ya Vosseler ikagoma. Bi Raible akapanda orofa ya juu, akafungua kile kichwa cha kebo, akakigeuza mbele ya dirisha. Ndani ya kebo mna nyaya nane za rangi, na kila mmoja una kiti chake. Yeye alikuwa ameukalisha wa machungwa kwenye kiti cha wa kijani.

"Kumbe na wewe unakosea?" Bwana Vosseler alimchungulia begani.

"Nakosea, lakini najua nilipokosea. Kampuni ingekuambia ununue kompyuta mpya."

Akakata, akapanga upya, akabana kwa koleo. Taa ikawaka. Kufika saa nane na nusu Bi Klett alikuwa akipiga kelele kutoka chini kwamba picha za dada yake zimefunguka kabla hajaketi vizuri, na Vosseler alikuwa kimya, maana yake amependa. Bi Raible aliingia kwake, akaoga huku anaimba. Alitandika kitambaa cha meza, akatoa kwenye jiko mkate mtamu wa kusukwa wenye zabibu kavu, akaweka kahawa. Ufagio hakuukumbuka hata kidogo.

Saa kumi kamili kengele ikalia. Walikuwa wote watatu, Bwana Stotz akiwa amevaa tai.

"Haya," alisema, bila kuketi. "Onyesha."

Bi Raible akabofya. Kompyuta ikafikiri. Akabofya tena, ikaendelea kufikiri. Bi Klett akateremka mbio kwake kujaribu, akarudi anahema.

"Kwangu pia imekufa. Saa ile ilikuwa inakimbia!"

"Kwangu ilianza kuganda kama saa tisa hivi," alisema Vosseler, na kwa uungwana akatazama dirishani. "Nilidhani ni mimi."

Bwana Stotz aliitazama saa yake. Jambo hilo lilimuuma Bi Raible kuliko kama angecheka. Aliziona kebo zikishuka, aliyaona matundu yakizibwa, na kijana fulani wa kampuni akiingia na mkoba wake na kumwita mama.

"Dakika tano," alisema. "Kunyweni kahawa."

Alitoka ngazini, na hapo ndipo alipokumbuka vumbi. Lakini vumbi halikuwapo. Vidato viling'aa kutoka juu hadi chini, kona zimepigwa deki, na hewa ilinuka sabuni. Mtu alikuwa amemfagilia zamu yake. Uso uliwaka moto kwa aibu, halafu kwa hasira, halafu akasema moyoni kwamba la ufagio litasubiri, akafungua kabati.

Taa za kitovu zilikuwa zimepagawa. Zote ziliwaka kwa pamoja bila kupepesa, na ile nyekundu ya mgongano, ya kuonya kwamba ujumbe unagongana njiani, ilikuwa imekodoa. Bi Raible alishuka na macho kebo kwa kebo. Tundu la kwanza, lake. La pili, Klett. La tatu, Vosseler. La nne, ile ya ziada. La tano...

La tano halikupaswa kuwa na kitu. Lakini kebo ya nne, iliyotoka tundu la nne, ilikuwa imekunjwa vizuri, imefungwa kwa uzi mweupe, na ncha yake iliyokuwa ikining'inia ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la tano. Kitovu kina tabia moja tu: kile kinachokisikia kwenye tundu moja hukipayuka kwenye matundu mengine yote. Sasa kilikuwa kinapayuka, kinajisikia chenyewe, kinapayuka tena, tangu saa tisa mchana bila kupumua. Mtu mwingine asingepata nafasi ya kusema hata neno.

Akautazama ule uzi. Fundo la mizunguko miwili, la kufungia soseji. Katika nyumba ile mtu wa kufunga fundo lile ni mmoja.

Alipogeuka, Bwana Stotz alikuwa amesimama kidato cha chini yake, sharubu zimelegea. Alikuwa akitazama kabati, na shingo yake ilikuwa imeiva nyekundu juu ya tai.

"Kuna nini huko?" Vosseler aliuliza kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

Bi Raible alikuwa na adui yake mkononi, amefungwa kwa uzi wake mwenyewe. Neno moja tu lingetosha. Nakiri kwamba mimi ningelisema, na kwa sauti. Yeye akaitazama ile shingo nyekundu, akavuta ncha ya kebo kutoka tundu la tano. Taa zikatulia, zikaanza kupepesa moja moja kwa adabu.

"Kosa langu," alisema. "Niliacha kebo inaning'inia ovyo."

Chini, Bi Klett, aliyekuwa ameteremka tena kwake kujaribu, alishapiga yowe: "Imerudi! Dada yangu karudi!"

Wakakusanyika tena mezani. Vosseler akainua mkono bila kuombwa, akasema na habari ya kampuni isahauliwe. Klett akainua wake na kijiko ndani yake. Bi Raible akainua wa kwake. Wote wakamgeukia Bwana Stotz, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani.

"Siwezi," alisema.

"Bwana Stotz!" Bi Klett aliruka. "Umeona kwa macho yako! Unataka nini tena, barua ya askofu?"

"Siwezi kuinua mkono juu ya uongo. Hakukosea yeye. Ni mimi niliyechomeka ile ncha. Nilikuwa nafagia."

Kijiko kikaanguka. Kwa habari ya kebo hakuna aliyeshtuka, lakini kufagia! Zamu ya mwenziwe! Vosseler aliweka kikombe chini taratibu.

"Ulifagia wiki ya Bi Raible?"

"Ngazi ilikuwa nyeupe yote. Saa kumi mngepanda, mngekanyaga, mngesema tazameni alivyo huyu mwanamke. Sikutaka hivyo." Aliirekebisha tai yake. "Nilitaka ashindwe kwa waya. Sikutaka ashindwe kwa vumbi."

Bi Raible alijitahidi kukasirika, maana haki yake ilikuwa kukasirika, lakini kicheko kilimtoka kabla hajakishika. Alicheka mpaka akashika meza. Klett akafuata.

"Chekeni," alisema Bwana Stotz. "Kabati lilikuwa wazi, kamba inaning'inia, tundu liko tupu. Nikasema haya, kazi imeachwa nusu. Mimi siachi kitu kinaning'inia."

"Na kwa nini ulikuwa unataka nishindwe?"

Bwana Stotz alikizungusha kikombe kwenye kisahani chake.

"Kwa sababu leo mnagonga mlango wangu kuuliza habari, kuazima nyundo, kulalamika mvua. Mkishafungiwa huo mtandao mtakuwa mnapelekeana mambo ukutani, juu kwa juu. Mimi nitakuwa chini nasikiliza mkipita." Akaikunja midomo. "Kebo za watu watatu, wakati nyumba ina watu wanne."

"Kebo ziko nne," alisema Bi Raible.

"Nimeziona. Ya nne ni ya nini?"

"Ni yako."

Bwana Stotz aliinua uso.

"Sina kompyuta."

"Najua. Mimi ninayo ya zamani chumbani, inakula vumbi bure. Kebo yako ni mita kumi na moja, vichwa nimeshabana."

"Mita kumi na moja," alirudia, na ilionekana anapima kichwani, kutoka kabatini, kushuka ukutani, kupita mlango. "Hiyo inapita sebule."

"Inafika jikoni. Sebuleni hukai, unakaa jikoni, karibu na dirisha."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bwana Stotz kwamba anajua anakokaa. Alitoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo kilichomfanya Vosseler afumbe macho, akaikunja leso mara nne na kuirudisha mfukoni. Kisha akainua mkono wake wa mchinjaji, mpana, juu kuliko ilivyohitajika, na akaushikilia hapo hapo mpaka Bi Klett akamwambia basi, imetosha, tumeona.

"Mkate utapoa," alisema Vosseler.

"Upoe," alijibu Bi Raible, tayari ameshika keekee. "Saa kumi na moja kasoro. Mpaka saa mbili usiku ruhusa ya kutoboa tunayo."

Bwana Stotz akawatangulia kuteremka, ili awahi kusogeza meza ya jikoni.